Nionyeshe Namba ya Magurudumu, Hiyo ya Injini Kaa Nayo

Binamu yangu alinunua Impreza WRX STI akiambiwa ina hospawa 400. Bei ilipanda kwa sababu ya hizo 400. Na muuzaji hakuja na maneno matupu, alikuwa na karatasi ya daino, grafu ya rangi na namba kubwa pale juu. Jamaa akachukua mkopo wa sacco, akalipa, akafika nyumbani anatabasamu kama bwana harusi.

Mwezi uliofuata tukaipeleka kwenye daino nyingine. Namba iliyotoka kwenye magurudumu, bila mapambo yoyote: 228.

Nilikuwa hapo, niliuona uso wake. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "gari yangu ni hospawa 500" swali langu ni moja: zimepimwa wapi?

Wacha niseme msimamo wangu mapema ili tusizunguke. Kwa gari ya mbio, au gari yoyote iliyoguswa na fundi, ile namba ya injini iliyopatikana kwa kukisia kutoka kwenye magurudumu siyo kipimo. Ni makadirio yaliyovalishwa suti. Tutaje namba ya magurudumu, tuseme ilipimwa vipi, ama tuongee mambo ya mpira.

Tuanze na zile za msingi. Nguvu ya injini inazaliwa kwenye krenki. Ukitaka kuipima hapo, unatoa injini kwenye gari, unaifunga kwenye benchi lenye breki, unaipa mafuta, maji na hewa, halafu unasoma. Timu za mbio na viwanda vya magari hufanya hivyo. Ni kazi ghali na ya siku nzima, kwa hivyo wengi wetu hatutawahi kuona injini yetu ikipimwa namna hiyo.

Sisi tunapanda kwenye rola. Gari inafungwa kwa mikanda, tairi zinazungusha rola, mashine inasoma. Lakini kabla nguvu haijafika kwenye rola imepita klachi, giaboksi, propela, difu, shafti za magurudumu, beringi na tairi zenyewe. Kila kituo kinakata kidogo, kama nauli. Gari ya kuvuta magurudumu manne, kama hiyo Subaru, ina vituo vingi zaidi. Kwa hivyo namba ya magurudumu lazima iwe chini ya ile ya injini. Hiyo siyo siri na siyo aibu.

Shida inaanzia pale mtu anapotaka kurudi nyuma. Amepata namba ya magurudumu, haimpendezi, anataka kujua "injini inatoa ngapi". Hapo ndipo kikokotoo kinatoka mfukoni.

Nikaichukua ile karatasi ya kwanza ya binamu yangu nikaisoma mpaka maandishi madogo ya chini. Hivi ndivyo 228 ilivyokua.

Hatua ya kwanza: mashine ilizidisha kwa 1.2 kwa sababu Nairobi iko juu na hewa ni nyepesi. 228 ikawa 274.

Hatua ya pili: mtu aliiambia mashine kwamba gari ya magurudumu manne hupoteza asilimia 25 njiani. 274 gawa kwa 0.75, unapata 365. Hiyo ndiyo iliandikwa kwa herufi kubwa, na hakuna mahali palipoandikwa "makadirio".

Hatua ya tatu: muuzaji alisema ekzosi mpya iliwekwa baada ya kupima, kwa hivyo "hesabu 400".

Umeona? Hakuna mahali pamoja pa kunyooshea kidole useme huu ndio uongo. Ni hatua tatu ndogo, kila moja ina sababu inayosikika vizuri, na mwisho wake mtu analipia hospawa 172 ambazo hakuna mashine iliyowahi kuziona.

Tuzichambue moja moja.

Hiyo ya hewa kwanza, maana inatuhusu sisi kuliko watu wengi duniani. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Kule Mombasa kanieneo ya hewa ni kama hektopaskali 1,013. Huku kwetu ni kama 830. Injini ya kawaida, isiyo na tabo, inavuta hewa chache, inachoma mafuta machache, inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu. Ndiyo maana gari ya kawaida ukiishusha Mombasa unahisi imeamka usingizini. Kwa injini kama hiyo kuzidisha kwa 1.2 kuna maana, kwa sababu unajaribu kusema ingetoa ngapi ikiwa pwani.

Lakini gari ya tabo ni kesi nyingine. Kazi ya tabo ni kushindilia hewa. Chukua tabo inayosukuma busti ya bar 1. Pwani, jumla ya kanieneo inayoingia kwenye injini ni kama bar 2.01. Nairobi ni kama 1.83. Hiyo ni tofauti ya asilimia 9 hivi, siyo 18. Na kama kompyuta ya gari inalenga kanieneo ya jumla, tabo itazunguka kwa kasi zaidi kufidia, na pengo litapungua tena. Kwa hivyo ukiipa gari ya tabo ile 1.2 nzima, unalipia hasara ambayo tabo ilishaifidia. Watu wa kanuni za vipimo wanalijua hili. Kile kiwango cha SAE ambacho daino nyingi hutumia kilitengenezwa kwa marekebisho madogo ya hali ya hewa, siyo kwa kubeba mlima mzima mgongoni. Mashine haijui hayo. Mashine inafanya kile ilichobonyezwa.

Na hata viwango vyenyewe haviko kimoja. Kuna kimoja cha SAE kinachochukulia hewa ya nyuzi 25, na kuna cha zamani zaidi kinachochukulia hewa ya baridi ya nyuzi 15 na nusu na kanieneo ya juu zaidi. Gari ileile, mzunguko uleule, ukibadilisha kiwango tu unapata kama asilimia 4 za bure. Kwa gari ya 400 hizo ni hospawa 16 ambazo hukununua hata spana.

Sasa ile asilimia 25. Hii ndiyo inanikera zaidi, kwa sababu imekuwa kama dini. "Ya magurudumu mawili ondoa 15, ya manne ondoa 25." Nani alisema? Giaboksi haijui asilimia. Ndani yake kuna hasara za aina mbili. Moja inakua na mzigo: meno ya gia yakisukumana kwa nguvu zaidi, msuguano unaongezeka. Nyingine haijali injini inatoa ngapi: mafuta mazito yanayokorogwa, beringi na sili zinazoburuta. Hizo zinafuata spidi ya kuzunguka na joto la mafuta. Kwa hivyo ukiongeza nguvu ya injini mara mbili, hasara haiendi mara mbili.

Jaribu wewe mwenyewe kuipima hiyo imani. Chukua gari ya mbio yenye hospawa 600 kwenye injini. Asilimia 25 ni hospawa 150. Nguvu haipotei hivihivi, inageuka joto. Hospawa moja ni wati 746, kwa hivyo 150 ni kama kilowati 112. Birika la umeme la nyumbani ni kilowati 2 hivi. Yaani unaniambia kuna mabirika 56 yanachemka chini ya gari, kati ya giaboksi, difu na tairi, kila sekunde umekanyaga mafuta mpaka chini. Gari ya mbio inakanyagwa hivyo sehemu kubwa ya raundi. Hayo mafuta ya giaboksi yangekuwa supu kabla ya chakula cha mchana.

Sisemi hasara haipo. Ipo, na kwenye rola tairi nazo hula zao. Nasema hakuna asilimia moja inayofaa kila gari, kila giaboksi na kila siku. Kuna daino zinazojaribu kuipima: ukimaliza kuvuta unakanyaga klachi, unaacha gari ipungue spidi yenyewe, mashine inasoma msuguano. Hiyo ni afadhali kuliko kukisia. Lakini hata hapo meno ya gia hayabebi mzigo ule wa kuvuta, kwa hivyo bado ni makadirio.

Kuna mtu anasema saa hii, "Lakini kiwanda ndicho kinataja namba ya injini, na kiwanda kinajua." Haya, twende kwa viwanda.

Marekani, mpaka mwaka 1971, matangazo ya magari yalitumia nguvu iliyopimwa kwenye benchi injini ikiwa karibu uchi: hakuna kichujio cha hewa, hakuna ekzosi ya gari, hakuna vifaa vya kuizuia. Mwaka 1972 wakahamia kupima injini ikiwa imevaa vitu vyake vyote. Corvette yenye injini ya LT-1 ilikuwa imetajwa kuwa na 330 mwaka 1971. Mwaka uliofuata ikatajwa 255. Injini haikudhoofika kiasi hicho kwa mwaka mmoja. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kupima.

Japani walienda upande mwingine. Kuanzia 1989 mpaka 2004 viwanda vyao vilikubaliana kutotangaza gari ya soko la ndani yenye zaidi ya PS 280. Ndiyo maana Skyline GT-R, na Evo na STI nyingi za miaka hiyo, zina 280 kwenye karatasi, kana kwamba ziliiga mtihani. Na PS siyo hospawa ile ya Kiingereza: PS 280 ni hospawa 276 hivi. Kwa hivyo ukinunua gari ya Japani ya wakati huo, namba ya kiwanda inakuambia zaidi kuhusu makubaliano ya wakubwa kuliko kuhusu injini yako.

Na kesi ninayoipenda ni ya Ford Mustang Cobra ya mwaka 1999. Ford walitangaza hospawa 320. Wenye magari wakayapeleka kwenye rola, namba zikakataa. Gari mpya ilikuwa haionyeshi ile nguvu iliyoahidiwa. Wakapiga kelele, karatasi mkononi. Ford wakasimamisha mauzo, wakayaita magari yarudi, wakabadilisha kipande cha kuingizia hewa, sehemu ya ekzosi na programu ya kompyuta. Mazda nao mwaka 2001 walitangaza Miata ya Marekani kuwa na 155, ikabainika ni 142, wakajitolea kuwarudishia pesa wanunuzi waliotaka.

Angalia vizuri kesi ya Ford. Aliyeumbua namba ya injini ya kiwanda ni mtu wa kawaida mwenye namba ya magurudumu. Hakuhitaji kung'oa injini. Hiyo ndiyo silaha yetu sisi wanunuzi, na sisi wenyewe tunaivunja kwa kuizidisha na kuigawanya mpaka ifanane na ndoto zetu.

Sasa nitende haki. Namba ya injini ina kazi yake. Mjenzi wa injini anaihitaji kwenye benchi kulinganisha kamshafti mbili bila giaboksi kumchanganya. Mhandisi anaihitaji kujua klachi na giaboksi zitabeba mzigo gani. Hao wanaipima kweli, hawaikisii. Siwapingi.

Na namba ya magurudumu nayo siyo malaika. Inabadilika ukibadilisha rimu nzito. Inabadilika tairi zikiwa na upepo mdogo au mikanda ikikazwa kupita kiasi. Kuna rola zinazopima kwa uzito wa rola tu, kuna zenye breki ya umeme, na kuna mashine unazofunga moja kwa moja kwenye habu baada ya kutoa magurudumu. Weka gari moja kwenye hizo tatu, utapata namba tatu, na zote zinaweza kuwa za kweli. Ndiyo maana nasema namba bila hali yake haina maana.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Makosa ya namba ya magurudumu unaweza kuyadhibiti: daino ileile, gia ileile, tairi zilezile, upepo uleule, joto linalokaribiana. Makosa ya namba ya injini ya kukisia huwezi kuyadhibiti, kwa sababu hayako kwenye gari. Yako kichwani mwa aliyeshika kikokotoo.

Watu wa mbio wanajua hivyo. Kule Marekani kuna chama cha mbio kinaitwa NASA, siyo wale wa roketi. Madaraja yao ya Super Touring yanapangwa kwa uzito wa gari dhidi ya nguvu, na nguvu hiyo ni ya magurudumu, kwenye daino. Huwezi kuja na karatasi ya kiwanda useme "mimi ni 280". Unapanda rola. Kwa nini? Kwa sababu hakuna anayeshindana na krenki. Unashindana na kile kinachogusa lami.

Na sisi tuna mfano wetu hapa nyumbani. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha, yale magari ya daraja la juu yalikuja na sheria inayobana hewa ya tabo kwa tundu la milimita 36. Wakati huo namba ya Ulaya ilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Lakini tundu likishajaa, hewa inayopita inategemea uzito wa hewa ya nje, na Naivasha iko juu kuliko Nairobi. Tabo haiwezi kufidia, maana mlango wenyewe umebanwa. Kwa hivyo gari lilelile lenye namba ileile ya injini kwenye kitabu linakuwa gari lingine pale Naivasha. Namba ya kwenye kitabu haikupanda ndege nao.

Rudi kwa binamu yangu, maana hapa ndipo mambo yalitaka kuharibika.

Baada ya kuona 228, hakukasirikia karatasi. Aliikasirikia gari. Akaniambia, "Kama ilikuwa 400, kuna mahali hospawa zimepotea. Nitaambia fundi apandishe busti mpaka zirudi." Mazee, nilihisi baridi. Injini ambayo ilitoka kiwandani na hospawa 276 kwa benchi, ina miaka mingi, ina pistoni za kiwanda na mafuta ya petroli ya kawaida ya kituo, sasa inatafutwa hospawa 172 ambazo hazikuwahi kuwepo. Unajua mwisho wake. Kelele kama ya mtu anapiga bati kwa nyundo, halafu moshi, halafu mkopo wa sacco unaendelea kukatwa kwenye mshahara huku gari iko juu ya mawe.

Ndiyo maana siwezi kukubali mtu akiniambia "ni namba tu, relax." Namba ya uongo inamfanya mtu atafute nguvu mahali ambapo hakuna. Inamfanya alipie gari bei isiyo yake. Inamfanya aingie daraja la mbio lisilo lake na apigwe na gari ya mtu aliyesema ukweli. Debe tupu huvuma, lakini hili linavuma kwa pesa za mtu mwingine.

Tulikaa chini tukapiga hesabu upya. 228 kwenye magurudumu, Nairobi, bila marekebisho. Kwa STI ya umri ule, mlimani huku, hiyo ni injini yenye afya. Haikuwa mbovu. Ilikuwa gari nzuri iliyouzwa kwa jina la gari nyingine. Akapandisha pumzi, akashusha pumzi, busti ikabaki pale ilipo. Pesa aliyozidishiwa hajarudishiwa mpaka leo.

Kwa hivyo, mdau, ukienda kununua au kutyuni gari, fanya hivi. Uliza karatasi ya magurudumu isiyorekebishwa, na kama kuna marekebisho uliza ni kiwango gani na kimezidisha kwa ngapi. Uliza ni mashine ya aina gani na gia gani. Ukiona namba ya injini, uliza injini ilitolewa lini ikafungwa kwenye benchi. Kama haikutolewa, hiyo namba imekisiwa, na wewe huna haja ya kulipia makisio. Na kama unafanyia gari kazi, pima kabla, pima baada, kwenye mashine ileile. Ikiwa ulianza na 228 ukamaliza na 251, umepata 23, na hakuna mtu duniani atakunyang'anya hizo 23.

Na nyinyi mafundi wa daino, nawaheshimu, najua mteja anataka namba kubwa ya kupeleka nyumbani. Mpeni ya ukweli kwa herufi kubwa, na hiyo nyingine iandikeni chini kwa herufi ndogo. Saa hii mnafanya kinyume.

Binamu yangu sasa akiulizwa gari yake ni ngapi, anasema "228, magurudumu, Nairobi." Watu wengine hucheka. Yeye haongezi neno.